Kompresa Ndiyo Inayochagua Bunduki ya Rangi

Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kuulizia bunduki ya kupulizia rangi, utapewa ushauri kabla hujasema gari lako lina nini. Muuzaji ana wake, fundi aliyeegemea kaunta ana wake, na mteja mwenzako aliyefuata msasa naye hakosi la kuchangia. Wote wanaisifu au kuiponda bunduki. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, "Kaka, kompresa yako ikoje?" Hapo ndipo ushauri mwingi unapopinda, maana bunduki haina nguvu yake yenyewe, inatumia upepo ilioletewa tu. Nayachukua hapa madai yanayorudiwa sana madukani, nikimfikiria mtu mwenye IST au Probox iliyochubuka bampa au fenda, anayetaka kuitengeneza mwenyewe uani kwake.

Dai linalowatoa watu fedha bure kuliko yote ni kwamba HVLP hutumia presha ndogo, kwa hiyo kompresa ndogo inaitosha. Herufi hizo nne zimeandikwa ubavuni mwa karibu kila bunduki ya bei nafuu, na anayeelezwa maana yake hushika "presha ndogo" akasahau kwamba mbele yake kuna "upepo mwingi". Bunduki za aina hii zilienea Marekani baada ya mamlaka za hewa za kusini mwa California, miaka ya 1980, kuzibana karakana zipunguze rangi inayopotelea angani. Sharti lake ni kwamba presha kwenye kofia ya upepo, pale rangi inapotokea, isizidi psi 10, na angalau asilimia 65 ya rangi itue kwenye kinachopakwa. Sasa, kuipasua rangi iwe ukungu laini kwa presha ndogo namna hiyo kunataka upepo mwingi sana. HVLP ya ukubwa wa kawaida hula kati ya lita 280 na 430 za upepo kwa dakika.

Angalia kompresa ambayo watu wengi wanayo nyumbani: tangi la lita 50, mota ya HP 2, plagi ya kawaida ya ukutani. Kibandiko kitakuambia inatoa lita 200 kwa dakika. Namba hiyo ni ujazo unaopigwa na pistoni, wala si upepo unaotoka kwenye mpira. Ukishaondoa kinachopotea, unabaki na lita 120 hivi. Bunduki inataka 300, kompresa inatoa 120. Matokeo yake unayajua hata kabla hujaifungua rangi: inaanza vizuri, kisha matone yanakuwa makubwa, upana wa mpulizo unasinyaa, na uso wa bampa unakauka ukiwa na vinundu kama ganda la chungwa. Mwenye nayo hulaumu rangi, au thina, au mkono wake.

"Basi nunua tangi kubwa," atasema fundi. Ushauri huu unasikika una mantiki, na kwa kazi ndogo sana una ukweli wake, lakini tangi ni ghala tu. Halizalishi upepo. Tupige hesabu. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 3 linakupa lita 250 za upepo. Bunduki ikila lita 300 kwa dakika huku kompresa ikirudisha 120, unapungukiwa lita 180 kila dakika, na tangi litaisha nguvu chini ya dakika moja na nusu. Weka tangi la lita 100, utapata chini kidogo ya dakika tatu, kisha usubiri zaidi ya dakika nne lijae tena. Kwa bampa, ambalo kidole hakikai kwenye triga hata dakika moja mfululizo, pengine utaponea hapo. Kwa boneti hutaponea: ukisimama katikati kusubiri upepo, ukingo wa rangi unakauka, na pale utakapounganisha mkono wa pili wa rangi patabaki mstari. Tena hizi kompresa ndogo hazikutengenezwa kunguruma bila kupumzika. Zikichemka zinatoa upepo wa moto, na upepo wa moto hubeba maji, jambo ambalo nitalirudia.

Wapo wanaosema dawa ni kununua kompresa ya maana. Sawa, kama una mahali na umeme wake. Kila HP 1 ya kweli hutoa kama lita 100 za upepo kwa dakika, kwa hiyo kuilisha bunduki ya lita 350 unahitaji zaidi ya HP 3. Plagi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 ina mwisho wake karibu wati 3,000, na mota inapowaka huvuta mara kadhaa ya inavyovuta ikishatulia. Utakuwa ukipandisha sakiti breka kila baada ya dakika tano na kueleza watu wa nyumbani kwa nini friji imezima. Kompresa ya aina hiyo ina maana kwa mwenye karakana. Kwa kuokoa bampa moja kila mwaka ni anasa.

Hapo ndipo ninapoitetea bunduki inayodharauliwa madukani, ile ndogo yenye kikombe cha mililita 125 hivi juu yake na nozeli ya kati ya 0.8 na 1.2. Muuzaji atakwambia, "Hiyo ya kuchezea bosi, ya kupigia helmeti." Lakini hula kati ya lita 100 na 200 kwa dakika, kiasi ambacho kompresa ya HP 2 inaweza kukimbizana nacho. Kwa lita 150, tangi lile lile la lita 50 litadumu zaidi ya dakika nane kabla halijaishiwa, na bampa halihitaji muda huo. Kikombe kidogo pia kinafaa kwa sababu rangi ya bampa kwa mkono mmoja ni kidogo, na unachanganya kile tu utakachotumia. Karakana zinazofanya marekebisho madogo madogo bila kupaka gari zima huzitumia hizi kila siku, na hakuna anayeziita za kuchezea.

Mipaka yake nayo isemwe. Mpulizo wake una upana wa sentimita 10 hadi 15, wakati bunduki kubwa hufika 25 au zaidi. Ukiipeleka kwenye boneti au paa la rangi ya metali utapata mistari, kwa sababu njia zako zitakuwa nyingi mno na za mwanzo zitakuwa zimekauka kabla ya za mwisho. Kona ya bampa, sehemu ya chini ya mlango, fenda, kioo cha pembeni: huko ndiko kwake. Boneti mpelekee fundi.

Kuna bunduki nyingine zinazouzwa kama za upepo kidogo na presha ndogo, zikidaiwa kula lita 100 hadi 200 huku zikitoa mpulizo mpana kuliko hizi ndogo. Zipo kweli, na zilizo nzuri ni chaguo la maana kwa mwenye kompresa ya nyumbani. Ila tafuta namba ya lita kwa dakika kwenye karatasi ya bunduki. Kama haikuandikwa popote, maandishi ya ubavuni hayana uzito wowote.

Dai linalofuata ni la mafundi wa zamani, nami nalipinga kwa heshima: kwamba bunduki ya kikombe cha chini, ile ya lita moja inayofyonza rangi kuipandisha juu, ndiyo bunduki ya kazi. Kwa bodi ya lori au geti la chuma, ndiyo. Rangi nyingi, eneo kubwa, hakuna haja ya kujaza kila mara. Lakini kwa kazi ya nyumbani utaweka mililita 150 na mrija hautaifikia yote, hasa ukiinamisha bunduki kupiga ukingo wa chini wa bampa. Huvuta hewa, hutema, na tone moja la kutemwa kwenye rangi mbichi linakurudisha kwenye msasa. Kikombe cha juu hushusha rangi kwa uzito wake yenyewe mpaka tone la mwisho.

"Chukua hii yenye nozeli tatu, utafanya kila kitu." Seti ya 1.4, 1.7 na 2.0 inaonekana ni bahati. Na ni kweli nozeli inafuata rangi: praima nzito inataka 1.6 hadi 2.0, rangi ya msingi na klia zinakaa vizuri kwenye 1.3 au 1.4, na bunduki ndogo hufanya kazi ile ile kwa 1.0 au 1.2 kwa kuwa eneo ni dogo. Tatizo ni kutumia mwili mmoja kwa praima na klia. Praima hubaki kwenye vijia vya ndani hata ukidhani umesafisha, na chembe zake hujitokeza siku unapopiga klia. Nozeli, sindano na kofia ya upepo huchongwa viwe familia moja. Kwenye seti za bei ya chini mara nyingi nozeli zinabadilika huku kofia ikibaki ile ile, na mpulizo wa nozeli ya pili hauwi kama wa kwanza. Heri bunduki mbili za bei nafuu, moja ichafuliwe na praima maisha yake yote, nyingine isiione praima kabisa.

Rangi yenyewe nayo inaamua. Fungua mlango wa dereva utafute kibati chenye namba ya rangi. Kwa Toyota ukiona 040, hiyo ni nyeupe tupu isiyo na metali, na ina huruma kwa anayejifunza. Ukiona 1F7, ni fedha yenye metali, na hapo kila kosa la bunduki linageuka kosa la rangi: ukipiga mbichi mno vipande vya metali vinazama na rangi inakuwa nzito, ukipiga kavu mno vinakaa juu na inakuwa nyeupe kuliko mlango wa jirani. Watu husema duka limechanganya rangi vibaya, kumbe ni umbali wa mkono na upepo. Na ukiona 070, lulu nyeupe ya tabaka tatu, acha. Hata mafundi wazuri huipigia vipande vya majaribio kwanza.

Kuhusu bei, madai mawili yanapingana na yote mawili yana kasoro. La kwanza ni kwamba bunduki zote ni sawa, unalipia jina. La pili ni kwamba ukinunua SATA ya Ujerumani au Anest Iwata ya Japani kazi itajitengeneza. La pili linaporomoka palepale kwenye kompresa: bunduki bora ikinyimwa upepo hupuliza vibaya kuliko ya bei ndogo iliyoshiba. Tena majina hayo yana nakala bandia, na bei nzuri ajabu ya jina kubwa ni sababu ya kurudi nyuma hatua moja. La kwanza nalo halisimami, kwa sababu tofauti ipo kwenye uchongaji wa matundu madogo ya kofia na jinsi sindano inavyokaa kwenye nozeli. Ila tofauti hiyo unaweza kuipima mwenyewe kabla hujalipa, kama duka lina kompresa.

Omba boksi la katoni na rangi ya maji kidogo. Fungua mpulizo mpaka mwisho, simama sentimita 15, bonyeza triga kwa nusu sekunde bila kusogeza mkono. Alama itakayobaki iwe ya mviringo mrefu, yenye rangi sawa juu na chini, ncha zake zikififia taratibu. Ikiwa imejikunja kama mwezi mchanga, au upande mmoja mzito, usiikatae bado: zungusha kofia nusu duara, upige tena. Kasoro ikigeuka pamoja na kofia, tatizo liko kwenye kofia, pengine uchafu tu. Kasoro ikibaki upande ule ule, nozeli au sindano imepinda, na hiyo bunduki muachie mwenyewe. Kisha jaza kikombe, usibonyeze kitu, subiri dakika chache uangalie ncha ya nozeli na nyuma kwenye kikaza cha sindano. Pakitoka hata tone, mpira wake wa kuzibia ni mbovu. Muulize swali moja la mwisho: vipuri vyake, hasa nozeli, sindano na mipira, vinapatikana hapo hapo? Bunduki isiyo na vipuri ni ya kutumia na kutupa, hata kama inang'aa.

La mashine za umeme zinazoshikwa mkononi, zinazotangazwa kwamba hazihitaji kompresa, sitalichelewesha. Kwa ukuta, geti na kabati zinafaa. Kwa gari, zile za bei ya kawaida hupasua rangi matone makubwa, na ili zipitishe kitu unalazimika kuongeza thina mpaka rangi inachuruzika. Zipo mashine za turbaini za hatua kadhaa zinazofanya kazi nzuri, lakini bei yake inakurudisha kwenye kompresa, tena yenye chenji.

"Ikikupa shida, ongeza presha." Hili ndilo tiba ya kila ugonjwa gerejini, na linatokana na kuona kwamba presha ikipanda matone yanakuwa madogo. Ni kweli, mpaka kiwango fulani. Kanuni ni ile ile aliyoitumia Dk. Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alipotengeneza mwaka 1888 kipulizio cha kutia dawa kooni mwa wagonjwa. Mwanawe Thomas akaigeuza baadaye kuwa ya kupulizia rangi. Upepo unapasua kioevu. Ukizidi, rangi inakauka ikiwa bado hewani, inatua kama vumbi, nyingine inarudi usoni mwako, na joto la Dar au Mombasa linazidisha. HVLP nyingi hufanya kazi kwa bar 2 hivi zikipimwa mlangoni mwa bunduki huku triga ikiwa imebonyezwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo wengi wanayasahau. Geji iliyo kwenye kompresa inasoma presha ya pale ilipo. Mpira wa mita 10 wenye tundu la milimita 6, pamoja na viunganishi vyembamba, utakula sehemu kubwa njiani. Mpira wa milimita 8 hadi 10 na rigyuleta ndogo chini ya mshikio vitasaidia kuliko kubadilisha bunduki. Na kama rangi inakauka kabla ya kutandaa, muulize muuzaji thina ya taratibu kabla hujagusa presha.

Maji. "Nimefunga filta kwenye kompresa, yatosha." Hewa ya pwani imejaa unyevu, na ukiikandamiza kisha ikapoa, unyevu huo unageuka maji. Ukifungua koki ya chini ya tangi baada ya kazi ya mchana mmoja Tanga au Mombasa, utaona maji ya rangi ya kutu, wakati mwingine yenye utando wa mafuta. Filta iliyofungwa kwenye kompresa inapokea upepo ukiwa bado wa moto, maji yakiwa mvuke, nayo hupita bila kizuizi na kugeuka matone mbele kwenye mpira. Iweke mbali mita kadhaa kutoka kwenye kompresa, upepo ukishapoa, na mwaga tangi kabla ya kuanza. Vile vishimo vidogo vya duara vinavyojitokeza kwenye rangi mbichi mara nyingi ni mafuta au silikoni: mafuta ya kompresa, au ile dawa ya kung'arisha dashibodi iliyopulizwa juzi. Bunduki haihusiki.

Sasa dai ninalolipinga bila kuremba, kwamba barakoa ya kawaida, au leso iliyoloweshwa, inatosha kwa sababu ni kazi ya nusu saa. Inategemea unapuliza nini. Rangi za 2K na klia zake huchanganywa na hadina yenye isosayaneti. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, inazitaja rangi hizo kuwa chanzo kikubwa cha pumu inayotokana na kazi, na inataka mpulizaji avae kifaa kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Barakoa yenye mikebe ya mkaa haikupi dalili inapozidiwa, kwa kuwa isosayaneti inaweza kudhuru kwa kiasi ambacho pua hainusi. Mwili ukishaizoea vibaya, kiasi kidogo tu baadaye kinatosha kubana kifua. Na ukungu haukai uani kwako. Unapita ukuta wa jirani, unaingia dirishani mtoto alipolala.

Kwa hiyo klia ya 2K nyumbani siipendekezi kwa bunduki yoyote, ghali au rahisi, na makopo ya 2K ya kubonyeza yana hadina ile ile. Kuna njia ambayo haimnyimi mtu raha ya kufanya kazi yake. Ng'oa bampa. Ziba kwa puti, piga msasa, weka praima isiyo na hadina kwa ile bunduki ndogo, piga msasa wa maji mpaka uso utulie. Hiyo ndiyo sehemu inayokula saa nyingi, na ndiyo fundi anaitoza. Kisha lipeleke bampa gereji yenye chumba cha kupulizia, rangi na klia zipigwe huko. Na kama mchubuko ni mdogo, kopo la rangi iliyochanganywa kwa namba ya gari lako linaweza kumaliza kazi, na hutahitaji bunduki kabisa. Wauzaji hawatakuambia hilo.

Limebaki la usafi, ambalo huamua kama bunduki itafika kazi ya pili. "Itumbukize kwenye thina usiku kucha." Ukiamka utakuta bunduki safi yenye mipira iliyovimba, na itavuja. Mwaga rangi iliyobaki, weka thina kidogo kikombeni, puliza kwenye tambara mpaka itoke safi. Toa sindano kwanza kwa kuivuta kwa nyuma, halafu ndipo ufungue nozeli. Ukianza na nozeli unakwaruza ncha inayoziba. Matundu ya kofia yasafishwe kwa brashi laini au kijiti cha mti, kamwe si kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu, ule mviringo ulioupima dukani hautarudi. Kausha, tia tone la mafuta yasiyo na silikoni kwenye kikaza cha sindano na kwenye ekseli ya triga, uihifadhi kikombe kikiwa wazi.